Makosa ya uso kwenye kioo cha darubini: kabla hujalaumu kioo, kagua ulimbo

Nyota ya Meru (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Wenzetu watatu wameniuliza faragha kwa nini vioo vyao vya darubini vinagoma kukaa sawa hata baada ya saa thelathini za kung'arisha. Nimeona nijibu hapa hadharani, wengine wafaidike na wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe.

Nazungumzia kioo kikuu cha darubini ya aina ya Newton, ile inayokusanya mwanga kwa kioo kilichopinda badala ya lenzi. Kipenyo chake ni milimita 150, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga wa nyota unapokutana) milimita 1200, na nimekisaga kwa mkono juu ya pipa lililojaa mchanga, uani kwangu hapa Arusha. Bonde lake katikati lina kina cha milimita 1.17 tu. Bonde hilo ni kazi ya unga wa kusagia, halisumbui mtu. Kazi ngumu inakuja baadaye: uso mzima usipishane na umbo linalotakiwa kwa zaidi ya nanomita 70 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), yaani sehemu ya nane ya wimbi moja la mwanga wa kijani. Mwanga hulipitia kosa mara mbili, ukienda na ukirudi, kwa hiyo nanomita 70 kwenye kioo zinakuwa 140 kwenye taswira, na hapo umeshafika robo ya wimbi. Unywele wa mtu ni mnene mara elfu moja hivi kuliko kosa hilo. Jicho halilioni, kidole hakilihisi.

Ninalotaka kusema ni hili. Karibu kila kosa nililolikuta kwenye kioo changu lilianzia kwenye sahani ya ulimbo tunayong'arishia, au kwenye joto, au kwenye kipimo chenyewe. Miezi mitano nililiwinda kosa juu ya kioo: pete ikijitokeza hapa naisugua, inahamia pale. Siku nilipokiacha kioo nikaenda kuitengeneza sahani, mambo yalianza kunyooka.

Kwa wageni: ukimaliza kusaga kwa silikoni kabaidi, kuanzia namba 80 hadi 500 (namba ikipanda, unga ni laini zaidi), halafu unga laini wa aluminiamu oksidi wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 9 na 5, kioo kinabaki na ukungu kama dirisha la bafuni. Ukungu huo unaondolewa kwa sahani iliyomiminiwa ulimbo mweusi wa msonobari, pamoja na maji yaliyochanganywa na unga wa oksidi ya seriamu. Ulimbo una tabia mbili kwa wakati mmoja. Ukiugonga kwa nyundo unapasuka vipande, ukiuwekea uzito na kuuacha, unatiririka polepole. Pale Chuo Kikuu cha Queensland, Brisbane, Profesa Parnell alianza mwaka 1927 kuonyesha jambo hili kwa lami ngumu ndani ya faneli, na hadi mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa tu. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi yetu iwezekane. Sahani inajifinyanga taratibu kufuata kioo, lakini kwa dakika moja ya msuguo inakaa ngumu na kuondoa vilima tu.

Sasa matatizo yangu.

La kwanza lilikuwa ukingo kuporomoka. Milimita sita za mwisho pembeni zilishuka chini kuliko zinavyopaswa, na kwenye nyota hilo linaonekana kama wingu la mwanga linalozunguka taswira. Lilinirudia mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilidhani ni mkono wangu, nikafupisha mwendo, nikapunguza nguvu, na ukingo ukazidi kushuka. Mara ya tatu nikabonyeza ulimbo kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukazama papo hapo kama kwenye siagi. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, chini ya bati. Ulimbo niliouagiza ulikuwa wa chapa ya Gugolz, daraja la 64 la ugumu, ambao watu wa nchi za baridi wanautumia kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu. Kwa joto la uani kwangu ulikuwa uji. Kila kioo kilipopita, ulimbo laini ulisukumwa nje, ukajikunja juu kwenye ukingo wa sahani na kuula ukingo wa kioo.

Dawa haikuwa kwenye mwendo wa mkono wangu. Niliuchemsha upya ulimbo wote kwa moto mdogo, nje, mbali na watoto, ili tapentaini iliyomo ipungue na ulimbo uwe mgumu. Nilikuwa nadondosha tone kwenye maji yenye joto la kawaida la chumba, nalibonyeza kwa ukucha: likiacha alama hafifu baada ya sekunde kadhaa za kubonyeza, limefaa. Nikatia na nta ya nyuki kidogo sana ili usimeguke vipande. Nikamimina sahani mpya, nikakata mifereji ya miraba ya kama milimita 25, na nikahakikisha njia panda ya mifereji haiangukii katikati kabisa ya sahani. Ikiangukia katikati, kila kitu kinakuwa na ulinganifu, na ulinganifu huo huandika pete kwenye kioo. Ukingo wa ulimbo nikaupunguza kwa wembe ukawa mdogo kidogo kuliko kioo, na kila siku kabla ya kuanza naupunguza tena, maana hutambaa nje hata kama huoni.

Kisha nikang'arisha saa sita kwa mwendo mfupi wa kawaida, theluthi ya kipenyo, katikati juu ya katikati, bila hila yoyote. Ukingo ulirudi.

Nitaendelea na joto na kipimo baadaye, nasubiri kwanza maswali.

Fundi Miwani Tanga

Mkuu, asante kwa somo. Mimi nipo kwenye karakana ya miwani. Lenzi zetu tunazing'arisha kwa pedi ya kitambaa na maji ya kung'arishia, mashine inamaliza kwa dakika chache na lenzi inatoka inang'aa kama maji. Kwa nini ninyi mjitese na ulimbo saa thelathini?

Nyota ya Meru

Fundi, swali zuri. Kung'aa na kuwa na umbo sahihi ni vitu viwili tofauti. Pedi ya kitambaa ni laini, inazama mpaka ndani ya mabonde na kuyang'arisha pamoja na vilima, ndiyo maana ina kasi. Ila haiondoi tofauti ya urefu kati ya bonde na kilima. Kwenye kipimo uso wa namna hiyo unaonekana kama ganda la chungwa. Kwa miwani haidhuru, kwa sababu mboni ya jicho inatumia milimita chache tu za lenzi kwa wakati mmoja, na hakuna anayeikuza taswira ile mara mia mbili. Kwenye darubini kioo kizima, ukingo hadi ukingo, kinatakiwa kupeleka mwanga kwenye nukta moja.

Niliijaribu pedi kwenye kioo cha mazoezi. Kiling'aa kwa saa moja. Kuliondoa lile ganda la chungwa kwa ulimbo kulinichukua wiki.

Kisaga Kipya

Wakuu mimi ndiyo kwanza naanza. Nimemaliza namba 500, nimeanza seriamu, sasa kuna mikwaruzo miwili mirefu na vishimo vidogo vingi karibu na ukingo. Vitaisha nikiendelea?

Nyota ya Meru

Vishimo, hapana, au utazeeka navyo. Kila unga huacha nyufa ndogo chini ya uso, na unga unaofuata hauna budi kushuka mpaka chini ya nyufa hizo. Vishimo vikionekana karibu na ukingo maana yake pale hukukaa na unga mmojawapo wa nyuma kwa muda wa kutosha. Seriamu inaondoa kidogo mno. Rudi kwenye mikroni 9, kaa nayo saa mbili, halafu mikroni 5. Najua inauma kurudi nyuma, lakini saa tatu za unga zitakuokolea siku kumi za ulimbo.

Mikwaruzo miwili ni chembe moja ya unga mkubwa iliyobaki mahali. Mara nyingi inatoka kwenye ukingo mkali wa kioo unaomeguka. Uvunje ukali huo kwa jiwe la kunolea, chini ya maji, upate mteremko wa milimita mbili hivi. Osha pipa, osha kucha, badili shati, na ndoo ya seriamu isiwahi kuonja unga mwingine. Mkwaruzo mmoja mwembamba hauharibu taswira, usivunjike moyo kwa huo. Chembe ikibaki ndani ya ulimbo ndipo kuna hatari.

Binti Matrah

Salaam aleikum kaka zangu. Nawaandikia kutoka Muscat. Huku nje nyuzi 42 si ajabu, kwa hiyo nang'arishia ndani kwenye kiyoyozi, nyuzi 22, na ulimbo wa daraja la 73, mgumu kuliko ule wa 64. Ulimbo wangu hauna shida. Shida yangu ilikuwa kila jioni nikipima napata kilima katikati, asubuhi nikipima kilima hakuna. Nikakisugua kilima cha jioni siku nne mfululizo mpaka asubuhi moja nikakuta shimo. Kaka Nyota, hebu tueleze hilo la joto, naamini ndilo lililonipata.

Nyota ya Meru

Wa aleikum salaam dada. Ndilo hilo hasa, na pole kwa siku nne.

Tupige hesabu pamoja. Kioo cha borosiliketi, kama Pyrex, hurefuka sehemu 3.3 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kioo changu kina unene wa milimita 25. Sehemu moja yake ikipata joto nyuzi moja zaidi ya jirani zake, pale kitanenepa kwa nanomita 82 hivi. Kosa zima ninaloruhusiwa ni 70! Kioo cha kawaida cha dirisha kinarefuka karibu mara tatu ya hapo, nanomita 225 kwa unene ule ule. Viganja vyako vikikaa katikati ya mgongo wa kioo kwa dakika ishirini, umejenga kilima ambacho hakipo kwenye kioo. Ukipima jioni baada ya kazi unapima joto la mikono yako.

Jaribu hili, litakufungua macho. Kioo kikiwa kwenye kipimo, kibonyeze kwa kidole gumba kwa nusu dakika, kisha tazama. Utaona kilima cha kidole chako kimesimama juu ya uso, halafu kinazama polepole mpaka kinapotea.

Mimi sasa sipimi kabla ya saa mbili kupita tangu niache kusugua, na kipimo ninachokiamini ni cha alfajiri, hewa imetulia na bati halijapata jua. Kiyoyozi nacho kizime unapopima. Hewa baridi ikipita kati ya wembe wa kupimia na kioo utaona kivuli kinatiririka kama moshi, na utaandika namba zisizo na maana.

Kingine: hata wakati wa kusugua joto linahama. Usikae na mwendo mmoja saa nzima. Dakika kumi hadi kumi na tano, kisha kioo kilale juu ya sahani bila kuguswa, ulimbo ujikande upya kukifuata. Wengine wanaona ni kupoteza muda. Mimi naona dakika hizo za kukaa bure ndizo zilizonipa uso laini kuliko zote za kusugua.

Mwalimu wa Nuru, Kakamega

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, hongera. Naomba niongeze upande wa kipimo, maana kuna funzo kubwa la wazi duniani.

Kioo cha Hubble, darubini iliyoko angani ikiizunguka dunia, kina kipenyo cha mita 2.4 na kilikuwa kimeng'arishwa kwa ulaini wa hali ya juu sana. Kiliporushwa Aprili 1990, taswira zikatoka na ukungu. Ukingo wake ulikuwa bapa kuliko ulivyopaswa kwa mikroni 2.2 hivi. Hawakukosea kung'arisha hata kidogo. Kilichokosewa ni kifaa cha kupimia: lenzi moja ndani yake ilikaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Wakati wa kuipima nafasi ile, mwanga uliakisiwa na kifuniko kilichobambuka rangi, badala ya ncha ya kijiti cha kipimo. Baada ya hapo mashine ikakifuata kipimo kwa uaminifu mkubwa mpaka mwisho.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba vipimo vingine viwili, vya kawaida zaidi, vilionyesha kuna kosa. Viliwekwa kando kwa kuwa vilihesabiwa kuwa havina usahihi wa kutosha. Desemba 1993 wanaanga walipeleka vioo vidogo vya kusahihisha, na darubini ikaona.

Kwa hiyo ninawaomba: pimeni kwa njia mbili zisizotegemeana. Wembe, halafu nyota halisi. Zikigombana, msisugue chochote mpaka mjue ipi inasema kweli.

Fundi Miwani Tanga

Mwalimu shikamoo. Huo wembe mnautumiaje? Si wote tunajua.

Mwalimu wa Nuru, Kakamega

Marahaba. Ni njia ya Foucault, Mfaransa aliyeieleza mwishoni mwa miaka ya 1850. Unaweka kitobo kidogo chenye taa nyuma yake karibu na kitovu cha mpindo wa kioo, yaani katikati ya tufe ambalo uso wa kioo ni kipande chake. Kwa kioo cha Nyota ya Meru ni mita 2.4 kutoka kwenye kioo. Mwanga unakwenda kwenye kioo na kurudi karibu na pale pale ulipotoka. Jicho unaliweka pale, na wembe unausogeza taratibu kuukata mwanga. Kama kioo ni sehemu ya tufe kamili, kinafifia chote kwa pamoja. Kama kina vilima na mabonde, unaviona kana kwamba uso umemulikwa na jua la jioni kutoka upande mmoja. Vifaa ni taa, wembe, na ubao unaosogea kwa skrubu. Hakuna kifaa cha bei hiyo kinachoonyesha makumi ya nanomita kwa macho matupu, na kila mwaka nikiwaonyesha wanafunzi wangu huwa kimya kidogo wote.

Darubini haitaki tufe, inataka paraboloidi, yaani bonde lenye kina kidogo zaidi katikati kuliko tufe. Kwenye kipimo, taa ikiwa haisogei, mwanga wa ukingo na wa katikati unakutana sehemu mbili zinazopishana milimita 2.3 kwa kioo hiki. Ukipima pete kwa pete unajua upo wapi.

Kisaga Kipya

Kwa hiyo nikiacha tufe tu bila kulichonga zaidi, je?

Nyota ya Meru

Kwa milimita 150 na fokasi 1200, tufe lililokamilika linakosea karibu robo ya wimbi, yaani lipo mlangoni. Ukiongeza fokasi ifike 1500, tufe linakosea sehemu ya saba hivi ya wimbi, na hapo unaweza kuliacha kwa amani. Ndiyo maana wanaoanza nawashauri fokasi ndefu. Ila kwa milimita 200 na fokasi 1200 usithubutu, tofauti kati ya tufe na paraboloidi ni zaidi ya mara tatu ya kioo changu.

Mchonga Lenzi

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mtanzania, nipo Ujerumani, Thuringia, mwaka wa tisa kwenye chumba cha kung'arishia. Nakubaliana na Nyota ya Meru kwa sehemu kubwa, ila lile neno la kutokuliwinda kosa naomba nilijadili, kwa sababu sisi tunalipwa kuliwinda.

Mambo yote yanatoka kwenye kanuni ya Preston ya mwaka 1927: kiasi cha kioo kinachoondoka mahali ni mgandamizo mara kasi, mara muda, mara namba inayotegemea ulimbo na unga wako. Ukiweza kushika mgandamizo na kasi visibadilike, kilichobaki ni muda. Kwa hiyo tunakipima kioo kwa interferomita, kifaa kinachopima uso kwa kulinganisha mawimbi ya mwanga, tunapata ramani ya vilima, kisha kompyuta inapanga kifaa kidogo kikae muda mrefu penye kilima na kipite haraka penye bonde. Nanomita tano hapa, nanomita kumi pale.

Hili linawezekana pale tu ambapo kifaa hakibadiliki. Ulimbo unabadilika kila saa, kwa hiyo kwa marekebisho hayo tunatumia majimaji yenye chembe za chuma yanayokuwa mazito yakipita kwenye sumaku. Mbinu hiyo chimbuko lake ni Minsk, kisha ikaendelezwa Rochester, Marekani. Majimaji yanazunguka, kila mara ni mapya, na alama yanayoacha ni ile ile asubuhi na jioni. Kwa hatua ya mwisho kabisa kuna mnyunyizo wa ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) ndani ya ombwe, pasipo hewa. Huo haugusi kioo, kwa hiyo ugonjwa wenu wa ukingo hauna nafasi. Ukingo unaporomoka kwa sababu kifaa kikining'inia nje, uzito wake wote unaegemea eneo dogo lililobaki. Ayoni haina uzito wa kuegemea.

Sisi wenye vifaa vigumu tunazungushia kioo vipande vya ziada vya kioo kile kile, vya urefu sawa, kifaa kitoke kioo na kuingia kwenye kipande bila kujua ukingo ulikuwa wapi. Kazi ikiisha tunavitoa. Nyumbani ni vigumu, lakini mkijua sababu mtaelewa kwa nini mwendo mrefu unaua ukingo.

Pamoja na yote hayo, na hapa narudi upande wa mwenye uzi, kifaa kidogo kina deni lake. Kikipita mistari sambamba kinaacha mawimbi madogo yenye nafasi ile ile ya mistari. Ramani ya makosa makubwa inatoka nzuri, namba kwenye karatasi inapendeza, halafu kioo kinatawanya mwanga. Makosa haya ya ukubwa wa kati, kati ya umbo na ukwaruzo, ndiyo yanayotunyima usingizi, hasa kwa vioo vya mashine zinazochapa chipu kwa mwanga wa nanomita 13.5, ambako nanomita moja ni kosa kubwa. Tunabadili mwelekeo wa njia, tunaipinda njia isiwe na mpangilio unaojirudia, na mwishoni mara nyingi tunarudi kwenye sahani pana, ngumu kiasi, inayofunika mawimbi mengi kwa mara moja na kuyalaza. Katika kazi nyingi nilizozishika, sahani hiyo ni ya ulimbo.

Kwa mtu wa mkono basi: pete ndogo msiisugue kwa kidole wala kwa kisahani kidogo. Mtaigeuza pete moja kuwa mbili.

Nyota ya Meru

Ndugu Mchonga Lenzi, nashukuru sana. Hilo la njia isiyojirudia ndilo tunalolifanya kwa miguu bila kulitaja. Ninapozunguka pipa nakizungusha kioo mkononi kidogo kidogo, na nahakikisha hatua za mzunguko wangu hazigawanyiki sawa na mizunguko ya kioo. Nikichoka huwa nasimama mahali pamoja, na ndipo uso unapoanza kupinda kama tandiko la farasi.

Na hapo naomba msaada wenu, maana hili sijalimaliza. Wiki hii nikitazama kitobo cha mwanga kwenye kipimo, kabla ya fokasi kinarefuka kulala, baada ya fokasi kinarefuka kusimama. Kioo kimepinda upande mmoja. Nimepiga saa nne za ziada na halijaondoka.

Binti Matrah

Kaka, kabla hujapiga saa ya tano: umekizungusha kioo kwenye kishikio? Kigeuze robo duara, upime tena. Urefu ule ukigeuka pamoja na kioo, kosa limo ndani ya kioo. Ukibaki ulivyokuwa, kosa ni la kishikio au la meza yako. Kioo kinasimamaje?

Nyota ya Meru

Kinasimama wima ndani ya fremu ya mbao, kabari moja juu, misumari miwili chini, na nyuma kimeegemea ubao. Sijakizungusha. Nitajaribu alfajiri.

Mchonga Lenzi

Ondoa ile kabari ya juu kabla hata ya kuzungusha. Kioo cha milimita 25 kinaonekana kigumu kama jiwe, lakini kwa nanomita ni kama mkeka. Kiache kikae kwa uzito wake kwenye vigingi viwili, kila kimoja nyuzi 45 kutoka sehemu ya chini kabisa, na nyuma kiguse tu. Unaposugua pia, chini yake weka kipande cha zulia la usawa mmoja, kisibanwe na chochote pembeni, na ukigeuze juu ya zulia kila baada ya dakika chache.

Fundi Miwani Tanga

Nafuatilia kwa karibu. Nimeagiza kioo cha milimita 150 na ulimbo wa daraja la 73, maana Tanga joto letu mnalijua.

Nyota ya Meru

Wakuu, mrejesho wa alfajiri.

Nilianza na kabari ikiwa mahali pake kama ilivyokuwa, nikakigeuza kioo robo duara. Urefu wa kitobo haukugeuka. Ulibaki umelala vile vile. Dada Binti Matrah, shukrani zangu zikufikie: saa nne zile nilikuwa nasugua kosa la fremu.

Nikatoa kabari, nikapigilia vigingi viwili vipya nyuzi 45 kila upande, nikakiacha kioo kitulie saa moja na nusu. Kitobo sasa ni cha duara kabla na baada ya fokasi. Nikageuza kioo mara tatu, ni duara kote.

Kisha nikapima pete. Ukingo na katikati vinapishana milimita 2.1, vinatakiwa 2.3, na njia ya kutoka katikati kwenda nje inashuka laini bila ngazi. Ukingo wenyewe unaonyesha uzi mwembamba wa mwanga pande zote mbili, kushoto na kulia, kama inavyopaswa ukiwa haujaporomoka.

Leo sigusi kioo. Nitaipasha sahani kwa maji ya uvuguvugu, nilaze kioo juu yake na uzito wa kilo mbili mpaka jioni, ili ulimbo ukifuate kila mahali. Kesho ni dakika kumi tu za mwendo mpana wa herufi W, kioo kikiwa juu, kuchimba katikati kidogo. Halafu kitapumzika mpaka alfajiri ya kesho kutwa, nitapima kwa wembe, na usiku wake mawingu yakituruhusu nitakielekeza kwenye nyota kabla ya kukipeleka kupakwa aluminiamu. Nitaweka namba zote hapa.